Upindo Usioshushwa

Saa kumi na moja jioni, katika soko la Jericho, Nthambi Ndolo anapitisha ncha ya wembe chini ya uzi na kufumua upindo wa gauni la shule. Kitambaa kilichofichwa ndani mwaka mzima kinatoka na samawati yake, kama kipya.

Gauni ni la Eve, bintiye wa miaka minane. La Whitney, dadake wa miaka kumi, limetundikwa msumarini na upindo wake wa tangu mwanzo.

Hapa sare hushonwa na upindo mpana, ushushwe kila Januari mtoto anaporefuka. "Mama akiona upindo mwembamba, anaenda kwa fundi mwingine," anasema Nthambi.

Gauni la Whitney lilipita Januari mbili bila kuguswa, naye mama akafurahi. "Nilijisifu kwa majirani kwamba huyu hutunza nguo. Sikujiuliza mbona haimbani."

Mwaka huu shule zilipokaribia kufunguliwa, gauni la Eve lilimpanda magotini. Kwa mzaha tu, Nthambi akamvisha Whitney gauni hilo.

"Likamkaa sawasawa. La mdogo wake! Nikaketi chini."

Mumewe, Kivuva, dereva wa lori, hakuona shida. "Kwetu sisi ni wafupi, Mama Whitney. Ataruka tu, arefuke ghafla," alisema.

Nthambi alimpeleka Whitney kliniki hata hivyo. Daktari aliwapima urefu wote, mtoto na wazazi. Akaeleza kwamba ufupi wa ukoo upo, na kuna watoto wanaochelewa tu, lakini anayekaribia kukoma kurefuka lazima achunguzwe. Whitney akapigwa picha ya eksirei ya kiganja, kwa kuwa mifupa yake huonyesha mwili umefikia umri gani. Akatolewa damu pia, ili waangalie tezi ya shingoni na homoni ya ukuaji.

Majibu ni kesho asubuhi.

"Daktari alisema si kosa langu, wala si chakula," anasema Nthambi, akikunja wembe ndani ya karatasi. "Lakini alisema pia kwamba dawa, kama zitahitajika, husaidia kabla mifupa haijafunga ikaacha kurefuka. Sasa mimi nawaza zile Januari mbili."

Whitney anaingia na mkoba mgongoni. Mbuthia, muuza viatu wa kibanda cha pili, alizoea kumpokea kwa utani: "Wewe, mamako alikupanda kwenye mkebe?" Leo anamwambia tu, "Sasa, Whitney." Anajifanya kupanga viatu.

"Poa," anajibu msichana, kisha anamgeukia mamake. "Mathe, wameniita Kadogo tena. Eve akinitetea ndio wanacheka zaidi."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikawaambia mathe ni fundi, ataniongeza."

Mbuthia anacheka, kisha anakoma. Nthambi anacheka pia, lakini machoni hacheki.

Mezani kuna gauni jipya la Whitney. Ameshakata, ameunganisha, limebaki upindo. Amechora mstari wa chaki, akaufuta, akachora mwingine juu zaidi.

"Nataka upindo mkubwa kuliko wote niliowahi kushona," anasema, "halafu niwe naushusha kila mwaka, hadi uniishie."

Anaukunja, anaubana kwa pini, anausogeza chini ya sindano. Mguu unakaa juu ya pedali bila kukanyaga.

"Kesho," anamwambia Whitney, na kuifunika cherehani, gauni likiwa bado na pini zake.