Rumba ya Mama

Baada ya baba kufariki, mama alianza kutoka kila Jumamosi akiwa amejipamba, na viatu vya visigino kwenye mfuko. Nikimuuliza, anasema anaenda mkutano wa chama. Sikuamini. Siku moja nikamfuata kutoka kwetu Bahati hadi ukumbi mmoja mtaa wa Section 58. Kupitia dirishani nikaona mwanamume amemshika kiuno, nikaingia kwa hasira.

"Wewe ni nani kwa mama yangu?"

"Mwalimu wa rumba," akajibu. "Kama unataka salsa, hiyo ni saa kumi."

Wanafunzi wengine wakacheka. Mama hakucheka.

"Baba yako hakuwahi kukubali kucheza na mimi," akaniambia. "Kaa hapo ama urudi nyumbani."

Nilikaa, lakini sikubandua macho kwenye mkono wa yule mwalimu mpaka muziki ukaisha.