Bibi harusi aliyebabuka shavu, na singo iliyobaki bakulini

Wakuu wa humu, wakubwa kwa wadogo, shikamoo zenu nimezipokea mapema, marahaba.

Mimi ni bibi wa hapa Bagamoyo. Shule niliishia darasa la nne, naandika kwa kidole kimoja na miwani imefungwa uzi. Lakini haya yametokea kwangu, barazani kwangu, na chumvi sikuongeza hata punje.

Kazi yangu ni usomo, ukungwi wa mabibi harusi. Ukiwa na binti anaolewa unaniletea, namsinga, namsugua singo mwili mzima mpaka anang'aa. Singo natwanga mwenyewe: liwa, karafuu, mawaridi, maganda ya machungwa yaliyokauka. Watu wanatoka Vigwaza kunifuata mimi, na njiani makungwi wamejaa tele.

Najisifu, ndiyo. Mkitaka msimuliaji wa kuona haya mtafuteni kwenye uzi mwingine.

Nina mjukuu anaitwa Mwanaidi, yuko chuo cha utabibu. Alikuja likizo, kutwa yuko jikoni kwangu anajisomea kwa sauti. Epithelial tissue, epithelial tissue, mpaka kuku wakazoea.

Nikamuuliza, "Ni kitu gani hicho kinachokuzuia kukuna nazi?"

"Tishu ya kufunika, bibi. Kila penye uso mwilini, nje au ndani, ipo."

"Basi nifunikie na hicho chungu."

Akafunika chungu, akaendelea kunisomesha. Majina yake yanavunja meno, kwa hiyo nikayabatiza kwa vitu vyangu.

Kuna ile nyembamba, safu moja, bapa kama kile kingozi cha ndani ya kitunguu. Hiyo iko kwenye mapafu na imetandazwa ndani ya mishipa ya damu. Wembamba ndio kazi yake, hewa ipite upesi.

Kuna ya vipande vya mraba, kama kashata kwenye sinia. Iko kwenye figo na kwenye tezi. Inatoa kinachotakiwa kutoka, na inarudisha mwilini kisichofaa kupotea.

Ndani ya utumbo seli zimesimama ndefu kama chupa za soda kwenye kreti. Hizo zinanyonya chakula, nyingine zinatoa ute.

Ya kibofu inatanuka mkojo ukijaa, ukitoka inarudi. Yangu imechoka kurudi, lakini hayo si ya humu.

Siku hiyo nilikuwa nafukiza kanga kwa udi, Mwanaidi akakohoa. Akaniambia bomba la hewa lina epithelia yenye vinyweleo, vinafagia vumbi na ute kupandisha juu. "Unavizidishia kazi, bibi." Nikamwambia havijawahi kunilalamikia. Ila chetezo nikakisogeza mlangoni.

Haya, sasa ndicho kisa chenyewe.

Akaletwa Salha, harusi yake wiki inayofuata. Kaletwa na shangazi yake, Bi Zuwena, mwanamke wa dhahabu mpaka kwenye meno.

Salha akafungua ushungi. Wakuu, shavu la kushoto lote limebabuka, jekundu, linatoa majimaji. Shingoni ngozi inabanduka kama chokaa ya ukuta wa zamani.

"Umejipaka nini?"

Akatazama mkeka. Nikajua ni mkorogo wa kujichubua.

Bi Zuwena akadakia, "Wewe singa hapo hapo. Vitoke vyote vilivyokufa, chini atatokea mweupe."

Na mimi mkono ulikuwa tayari bakulini. Ndivyo tulivyofundishwa huku kwetu, ngozi yenye magamba dawa yake ni singo.

Mwanaidi akanishika kifundo cha mkono. "Bibi, hapo usimguse."

"Kwa nini?"

"Epithelia ya ngozi imepangwa tabaka juu ya tabaka. Seli za juu zimekufa, hizo ndizo unazozitoa siku zote, hazina neno. Za chini kabisa ndizo zinazozaa nyingine. Huyu za juu zimekwisha. Ukisugua hapo unasugua mama zao."

Neno hilo lilinikaa.

Maana mimi nilidhani ngozi ni kama paa la makuti, chakavu yakitoka unaweka mapya juu. Kumbe mapya yanatoka chini, yanapanda. Ukifika chini umebomoa nyumba, na vijidudu havibishi hodi.

Nikatoa mkono bakulini.

Bi Zuwena akacheka. "Somo gani huyu anafundishwa kazi na mtoto? Kule kijijini Mkange kuna kungwi hana maneno mengi."

"Mpeleke," nikamwambia. "Ila shavu likioza, ukumbini usitaje jina langu."

Niliogopa, nisifiche. Bibi harusi kuondoka kwangu bila kusingwa, mji mzima ungejua kabla ya adhuhuri.

Salha akasema polepole, "Shangazi, mimi sitoki hapa. Uso ni wangu."

Mwanaidi akampeleka zahanati. Akapewa dawa ya kupaka, akaambiwa mkorogo autupe na jua alikwepe. Mimi nikamsinga mgongo, mikono na miguu, palipo pazima tu. Uso na shingo sikugusa.

Kila Salha alipokuja, Mwanaidi alinionyesha pembeni mwa kidonda. Ngozi mpya inasogea taratibu kutoka ukingoni, nyembamba, ya waridi, inafunika. Miaka yote nashika ngozi za watu sikuwahi kukaa nikaitazama ikifanya kazi.

Harusini Salha alikuwa na shavu la rangi mbili, kavu, limefunga. Hakupaka poda. Bwana harusi alipofunua ushungi alitabasamu mpaka ufizi ukaonekana, na mimi nikapiga kigelegele nusura meno ya bandia yanitoke.

Baada ya harusi, asubuhi, hodi mlangoni. Bi Zuwena, peke yake, kajifunika mpaka pua.

Akaingia, akafungua. Mashavu yote mawili yamebabuka.

"Bibi," akasema, "yananiwaka."

Kumbe yeye na Salha mkorogo walikuwa wanachota kopo moja.

Nilikuwa na maneno mengi nimemwekea yule mwanamke. Nikamtazama, nikayameza. Nikamwita Mwanaidi, nikafunika bakuli la singo.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba mwili una kifuniko chake kila mahali, na kinajitengeneza chenyewe ukikipisha. Mabinti, rangi mliyopewa inawatosha. Na somo mzuri ajue pia pa kutosugua.

Nyinyi huko kwenu singo mnatia nini? Na wenye kopo la mkorogo kabatini semeni tu, bibi hachapi. Mwanaidi yupo hapa ananisomea.