Nilifanya Mazoezi Ili Nimpite Mke wa Mtalaka Wangu

Katikati ya mbio ndefu za jiji, mwanamke ninayemchukia kuliko wote alisimama ghafla mbele yangu, akabandua namba yake kifuani na kuitupa mtaroni.

Hakuwa amechoka. Nilidhani kapagawa.

Ngoja nianze mwanzo, najua mtasema nina roho mbaya. Ninayo, msijisumbue.

Mimi ni msusi. Huyo mwanamke ni mke mpya wa mtalaka wangu. Mtaani wanamwita Swala. Kila asubuhi alipita mbele ya saluni yangu akikimbia, na mumewe nyuma yake ndani ya gari, polepole, kioo kimeshushwa, chupa ya maji mkononi.

Mimi mwanaume yule hakuwahi kunisindikiza hata dukani!

Wateja wangu wakawa wanasifia, eti dada wa watu kapata mume. Nikawa navuta nywele zao mpaka machozi yanawatoka.

Kilichonimaliza ni binti yangu. Alikuwa anakaa kwa baba yake, mimi nimepanga chumba kimoja. Siku moja nikamwambia arudi kwangu tubanane hivyo hivyo. Akainamisha kichwa, akasema hawezi kumwacha mama mdogo.

Nimembeba tumboni mimi, halafu anamchagua yule! Nililia kama nimefiwa.

Wenzangu hufanya mazoezi kwa ajili ya presha, sukari au kitambi. Mimi sababu yangu ilikuwa moja: nimpite Swala mbele ya macho ya mwanangu, mtoto ajue mama yake ni nani.

Nikaanza. Kabla ya kufungua saluni niko barabarani. Kucha za miguu zikang'oka. Nikitaka kusimama namkumbuka Swala anavyobebewa chupa ya maji, naongeza mwendo. Chuki ni mafuta, jamani.

Siku ya mbio magari yalizuiwa. Mtalaka wangu akaenda kusubiri mwisho wa mbio pamoja na binti yangu. Mimi nikamganda Swala kama kupe, tukavuka nusu ya njia, mpaka pale kwenye maghala alipotupa namba.

Ningempita tu. Lakini mdomo wangu mnaujua. Nikasimama, nikamuuliza kama ameshindwa.

Hakukasirika. Aliangalia nyuma.

"Leo gari haliwezi kunifuata," akasema.

Nikamwambia aache kuringa, tumeshaona anavyopendwa.

"Dada, ananifuata nisitoroke. Tukirudi ananifungia chumbani, ufunguo anaondoka nao. Mwanao ndiye hunipitishia chakula dirishani."



Kumbe ndiyo maana mtoto alikataa kurudi.

"Mchukue leo hii," akasema. "Akijua nimeondoka, hasira zote zitamwangukia yeye."

Kaka yake alikuwa nyuma ya ghala na pikipiki. Akapanda, wakaondoka.

Nilitamani nimzabe kibao. Kwa kumtwika mwanangu mzigo ule, na kwa kuniharibia chuki niliyoilea vizuri namna ile.

Nikakimbia. Chuki yangu haikupungua, ilihama mtu tu. Mbavu zinabana, soksi imelowa damu, nasukuma tu.

Mwisho wa mbio nikamkuta mtalaka wangu amemshika binti yangu bega, shingo kairefusha. Hakunisalimia.

"Umemwona mke wangu?"

"Nimempita. Yuko nyuma, anachechemea."

Akamwachia mtoto, akajipenyeza kwenye watu ili aione barabara vizuri. Nikamshika binti yangu mkono, tukazama kwenye umati. Yule bwana hakugeuka hata mara moja.

Tulipofika mbali mtoto akagoma kutembea. Akaniuliza, kwa sauti ndogo, mama mdogo je?

"Ameshafika," nikamwambia.

Alinikumbatia na jasho langu lote, akalia mpaka akaishiwa pumzi.

Funzo ni hili: ukimwona mtu anakimbia kila asubuhi, usimwonee wivu kabla hujajua anakimbia nini.

Na wewe Swala, kama unasoma hapa, bado sikupendi. Ungeniambia mapema. Lakini mtoto yuko kwangu, tunabanana, na anakusalimia.