Mtoto Niliyemwita Jani

Kahawa ya jirani yetu ilinukia hadi ndani ya blanketi langu. Aliichemsha polepole kwenye kisufuria chenye mpini mrefu, na harufu yake ikachanganyika na ya kitambaa kilichopigwa pasi na ya farasi wa uwanja wa mbio ng'ambo ya barabara. Ndiyo Turffontein, mtaa wetu wa Johannesburg, ya baridi ile nikiwa na miaka kumi: jua jeupe lisilo na joto, nyasi zilizokauka hadi kuwa rangi ya mkate, na mimi nimekaa roshanini nikiota mchana kweupe. Mama yangu, aliyekuwa msusi, alikuwa akiniacha kwa jirani huyo siku za likizo.

Jirani alikuwa Mwarmenia. Walikimbia vita kwao milimani, kama sisi tulivyokimbia Bukavu, yeye na binti yake wa miaka minane ambaye miguu yake haikuwahi kumbeba. Alishona nguo za watu kwa cherehani, na kila alipomgeukia mtoto alisema, "Jan, jan." Basi nikajua mtoto anaitwa Jani. Jina zuri, nikawaza, jina la kitu kibichi. Mama mtu nikamwita Mama Jani, kama ilivyo desturi yetu, na siku ya kwanza nilipomwita hivyo alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Jengo zima likaiga. Mimi na Jani hatukuwa na lugha moja, ila tulilala chali juani tukioneshana mawingu na kucheka hovyo, saa zikapita bila sisi kujua.

Kiingereza, Mama Jani hakuwa nacho kabisa. Changu cha shule nilikuwa nakiringia. Siku alipopewa fomu ya shule ya watoto wenye ulemavu, shule pekee iliyokuwa na basi la kumchukua mtoto mlangoni, aliniletea mimi. Niliijaza kwa mwandiko wangu bora, ulimi nje. Penye jina nikaandika Jani, wala sikuuliza. Nani anauliza jina la rafiki yake? Siku ileile Mama Jani akaanza kushona sketi ya kijivu ya sare, akaitundika karibu na dirisha.

Miezi ikapita, mvua zikaanza, jibu hakuna. Mama yangu alichoka kumwona Mama Jani akipanda ngazi na mtoto mgongoni, akaomba ruhusa kazini, tukaenda shuleni sote wanne. Karani alikuwa mpole. Alisema nafasi ilikuwapo. Barua ilipelekwa nyumbani, ikarudishwa, na nafasi amepewa mwingine. Akatuonyesha bahasha. Mama Jani aliweka kidole kwenye jina, akatikisa kichwa. Kwa herufi za Kiingereza alijua kusoma neno moja tu, jina la binti yake, na hapo halikuwapo. Ndiyo maana alimrudishia mtu wa posta. Akatoa karatasi zao za ukimbizi mkobani, akatuonyesha jina lenyewe: Lusine.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia mama yangu kwa Kiswahili kwamba kila siku nilimsikia akimwita Jan. Mama akasema taratibu, "Na mimi nakuita mama kila siku. Wewe jina lako ni Mama?"

Ndipo nikaelewa kwamba jan ni neno la mapenzi, na kwamba miezi yote hiyo yule mwanamke alisikia nikimwita mama mpenzi. Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Mwaka mzima Lusine alikaa roshanini akilitazama basi la shule likipita mtaani kwetu. Niliketi naye, lakini mawingu sikuyaona tena. Mwaka uliofuata alipokelewa, sketi imefumuliwa pindo, na baadaye wakahamia kwa ndugu zao nchi nyingine.

Siku hizi nafanya kazi ofisini Midrand, na binti yangu nilimwandikisha shule kwa simu nikiwa nimesimamisha gari kwenye roboti, taa za barabarani. Majuzi niliona kwenye habari Waarmenia wengine wakihama milima ileile, magodoro juu ya magari, na mama mmoja amembeba mgongoni binti mkubwa, miguu inaning'inia. Nikazima sauti. Huko anakokwenda kuna fomu, na kuna mtoto wa jirani anayejua lugha ya huko kidogo. Eish, naomba aulize jina.