Jina Lililokosekana kwenye Boriti

Fundi mmoja wa mapaa, ambaye watu walimwita Timazi, alikuwa na kanuni aliyoishika kwa miaka ishirini na sita. Kabla ya kufunga dari ya nyumba, alipanda juu, akachomoa penseli nene ya seremala nyuma ya sikio, na kuandika kwenye boriti ya kati majina ya wote waliotia mkono katika paa lile. Hakumwacha mtu. Aliyebeba vigae aliandikwa. Aliyeshikilia ngazi aliandikwa. "Paa lina wenyewe," aliwaambia mafundi wake, "na mwenyewe asipoandikwa, ameibiwa." Hata jina la Timazi, uzi wa kupimia ukuta wima, alipewa kwa ajili hiyo: watu walisema mtu huyu hapindi.

Alipinda mara moja. Aliyeibiwa alikuwa binti yake mwenyewe.

Binti huyo alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amemaliza shule, na mchana alikaa sebuleni mbele ya kompyuta kuukuu akicheza mchezo wa kuigiza maisha. Katika mchezo huo unaumba watu, unawajengea nyumba, nao wanapika, wanagombana, wanalala. Yeye hakujali sana nani kagombana na nani. Mmoja wa watu wake aliwahi kukaa siku tatu bila kitanda kwa sababu mjenzi bado alikuwa anahangaika na paa. Alichopenda ni kujenga, hasa nusu ghorofa: vyumba vinavyojibana chini ya mteremko wa paa, kuta zake zikiishia kiunoni.

"Nyumba za hewa hizo," baba yake alimwambia. "Hazina msumari hata mmoja. Upepo ukija je?"

"Huku hakuna upepo, Baba."

"Si ndiyo nasema!"

Alisema hivyo mbele ya mkewe, mbele ya wageni, na mbele ya mafundi wake, ambao walicheka kwa sababu yeye ndiye bosi. Alisema hivyo mwaka mzima, mpaka likawa neno lake.

Kisha nesi wa mtaa wa pili akamwita. Alitaka chumba cha binti zake wawili. Kiwanja kilikuwa kimejaa, kwa hiyo pembeni hapakuwa na nafasi. Msingi haukuweza kubeba ghorofa kamili. Kilichobaki ni kuinua kuta kidogo na kuweka chumba ndani ya paa. Timazi alipima, akachora, akafuta. Kila alipoiweka ngazi, ilitokea mahali paa lilipokuwa chini, na mtu angepanda na kugonga paji la uso. Alikaa siku nne kwenye meza ya kulia akiharibu karatasi.

Siku ya tano binti alipita na kikombe cha chai, akasimama nyuma yake.

"Baba, ngazi umeiweka ukutani."

"Sasa ngazi inakaa wapi, mama? Juu ya mti?"

"Ukutani ndiko paa linakoshuka. Njoo uone."

Alienda, nusu akicheka. Kwenye kioo palikuwa na nyumba ndogo yenye nusu ghorofa. Ngazi ilianzia katikati ya nyumba, ikageuka, na kutokea chini kabisa ya kilele cha paa. Kwenye pande mbili za mteremko yalitokeza madirisha, kila moja na kijipaa chake kidogo juu. Binti aliyaita vikope, kwa sababu ukiitazama nyumba kutoka nje ni kama imeamka. Penye kikope, paa lililokuwa limeshuka lilinyanyuka tena, na mtu aliweza kusimama wima dirishani.

"Mchezo haujui vichwa," binti alieleza. "Mtu anaweza kupanda kichwa chake kikapenya vigae, na yeye anaendelea kutembea. Kwa hiyo nina mpimaji."

Akakibonyeza kijitu kimoja. Kilikuwa na kofia bapa, masharubu, na tumbo mbele. Kikapanda ngazi. Binti akaigeuza nyumba waione kutoka nje. "Kofia ikichomoza juu ya vigae, nabomoa. Isipochomoza, nimepata."

Kofia haikuchomoza.

"Hicho kitambi cha nani?" Timazi aliuliza, akijishika tumbo.

"Cha mpimaji."

Walicheka mpaka mama akachungulia kutoka jikoni. Kisha Timazi akavuta kiti, na mchana ule baba na binti walifanya kazi pamoja. Binti alihesabu miraba ya mchezo, baba akaigeuza kuwa vipimo vya kweli. Palipokutana kikope na paa kubwa, alimwonyesha kwamba maji ya mvua yangesimama, na bati lingepaswa kulazwa pale kama mfereji. Binti aliandika hilo kwenye daftari.

"Baba," alisema akiwa bado anaandika, "chuo cha ufundi wanachukua watu wa michoro. Wanataka uonyeshe kazi moja iliyosimama kweli, na mtu wa kukuthibitishia. Hii ikisimama, utanithibitishia?"

"Isimame kwanza," alisema Timazi, lakini alikuwa anatabasamu, na binti alijua juu ya boriti atakuwepo.

Kazi ilichukua wiki saba. Binti alikuja kila siku kushika futi kamba. Vikope vilipoanza kujitokeza juu ya mtaa, mafundi walipagawa.

"Bosi, safari hii umetisha! Haya umeyatoa wapi?"

Timazi alifungua mdomo aseme. Akazikumbuka nyumba za hewa. Akawaona watakavyocheka, safari hii si kwa kumridhisha.

"Ukikaa na paa miaka yangu," akajibu, "linakuonyesha lenyewe."

Walimvisha kilemba cha ukoka, naye hakukivua. Binti alikuwa hatua kumi kutoka pale. Alifikiri baba yake anatania.

Siku ya kuandika majina, Timazi alimtuma binti dukani kufuata misumari, akapanda peke yake. Aliandika jina lake, majina ya mafundi wake wawili, na la mbeba vigae. Ilipofika zamu ya binti, penseli ilisimama. Angeandika amefanya nini? Akiandika ukweli, mafundi wangeusoma. Akiandika kwamba alishika futi kamba, angekuwa ameandika uongo kwa mkono wake. Akajiambia atamalizia kesho, akairudisha penseli nyuma ya sikio. Alijua anachofanya. Kesho ya namna hiyo ni jina tu ambalo watu huupa woga wao.

Asubuhi yake nesi alikuja na kaka yake, mwalimu wa michoro katika chuo kilekile cha ufundi. Mwalimu alipanda ngazi, akajinyoosha kwa makusudi, akapitisha kiganja juu ya kichwa chake.

"Sijagonga," alisema. "Ngazi inageuka na kutokea palepale penye kilele. Nani kachora?"

Binti alikuwa amesimama penye kikope, futi kamba mkononi. Alimtazama baba yake, akingoja.

"Ah, mambo ya kichwani tu, mwalimu," Timazi alisema. "Uzoefu."

Mwalimu aliinua macho kwenye boriti, akasoma majina kwa sauti, moja baada ya jingine. Yalikuwa manne. Binti aliyafuata kwa macho mpaka la mwisho, kisha akaendelea kutazama mahali penye mbao tupu.

"Kazi safi," mwalimu alisema. "Kwetu imebaki nafasi moja ya michoro. Nilidhani labda kuna kijana nyuma ya hii."

"Hapana," alisema Timazi. "Hakuna."

Binti aliikunja futi kamba mpaka ikalia. Akashuka ngazi ameinamisha kichwa, ingawa paa lile halikumtaka mtu ainame.

Nyumbani, mke wa Timazi alimngoja mlangoni. "Mtoto karudi, kapita kama hanioni. Umemfanya nini?"

Akamweleza.

"Mbeba vigae umemwandika?"

"Ndiyo."

"Hata mbeba vigae," alisema mke, akaingia ndani.

Ilimchukua siku mbili kupiga moyo konde, na kosa la siku hizo mbili nalo ni lake. Alikwenda ofisini kwa mwalimu, kofia mkononi. "Mchoro ule ni wa binti yangu," alisema. "Nilidanganya."

"Fundi, nilikupa nafasi mara mbili."

"Ndiyo, mwalimu."

"Nimeshampa mtu mwingine, jana. Siwezi kumtoa kwa kosa lako. Binti aombe mwakani, nitamthibitishia mimi mwenyewe."

Akatoka hapo, akaenda kwa nesi, akaomba ruhusa ya kubandua ubao mmoja wa dari. Aliwaita mafundi wake, akawaambia kazi ilikuwa ya nani. Hakuna aliyecheka. Walitazama viatu vyao, na hilo lilimchoma kuliko kicheko. Akaandika jina la binti juu ya jina lake, akaugongelea ubao.

Jioni alimweleza binti yote. "Mwakani utaomba?"

"Nikaonyeshe nini, Baba? Kazi yako?"

Alipata kibarua katika duka la rangi. Hakumnunia baba yake. Alimwamkia kila asubuhi, alimtengea chakula, alijibu alipoulizwa. Jumapili moja mchana Timazi alipita nyuma ya kiti chake, akaona kwenye kioo nyumba mpya yenye vikope vitatu. Watu walikuwa wanapanda ngazi. Alimtafuta mmoja.

"Mpimaji yuko wapi?"

"Nilimfuta," binti alisema bila kugeuka. "Siku hizi napima mwenyewe."

Jina lake lipo kwenye boriti, nyuma ya ubao, mahali pasipoonekana. Neno lile moja, hapana, lilimgharimu binti nafasi yake chuoni. Lilimgharimu baba mtu pekee aliyekuwa akimwambia, njoo uone.