Kathini na Upindo wa Bati

Jumapili ambayo makwapa kumi na saba yalipasuka kwa mpigo, Kathini Muthama alikuwa ameketi benchi la tatu kutoka mbele, katika kanisa dogo la mlimani Mbooni. Sare za kwaya zilikuwa kazi yake ya kwanza tangu amalize ushonaji katika chuo cha ufundi. Alikuwa amempima kila mwimbaji, akaandika vipimo daftarini, akakata, akashona na kupiga pasi. Kwaya ilipoingia na kujipanga wima, waumini walinong'onezana kwa kuridhika. Kisha ngoma ikalia, waimbaji wakainua mikono kumsifu Mungu, na mishono ikaitikia kabla ya sauti ya pili.

Mwalimu wake wa ushonaji, Bi. Ndunge, alikuwa miongoni mwa waumini. Alimngoja nje baada ya ibada.

"Uliwapima wakifanya nini?"

"Wakiwa wamesimama, mwalimu."

"Na hii kwaya yetu, tangu lini ikasimama?" Bi. Ndunge alicheka mpaka akashika kilemba. "Sikiza, mwiitu, binti yangu. Mtu hapimwi akiwa nguzo. Mwambie aketi. Mwambie ainue mkono, ainame kama anayeokota kuni. Hapo ndipo utajua nguo itabana wapi."

Kathini alifumua makwapa ya kwaya nzima, yaliyopasuka na yaliyopona, akatia kila moja kipande cha kitambaa chenye umbo la jani. Hayakupasuka tena. Mwaka uliofuata alirudi chuoni kujifunza ufundi wa bodi za magari, na watu wa Mbooni wakaamini kwamba ni aibu iliyomfukuza kwenye cherehani. Sisi tuliosoma naye tulijua sababu nyingine. Dirisha la darasa la ushonaji lilitazamana na karakana, na kwa muda mrefu alikuwa amevumilia kuona bati zuri likipigwa nyundo na watu ambao hawakulipima.

Alipata kazi Mwingi, katika gereji ya mzee Munyao iliyo kando ya barabara ya Garissa. Munyao ni fundi wa injini wa miaka thelathini. Lori likipita barabarani, hukueleza ugonjwa wake kabla halijafika kona. Lakini kazi za bodi alikuwa amempa Ndululu, kijana mwenye mkono mzito na mdomo mwepesi. Kathini alipewa msasa na brashi ya rangi. Kwa miaka miwili aliomba apewe walau mlango mmoja uliobonyea aunyooshe mwenyewe, na kwa miaka miwili Munyao alimwambia asubiri. Ndululu alimpa jina: Fundi wa Sketi.

Ndipo Deqa akaleta pikapu yake.

Deqa ni mfanyabiashara wa mbuzi. Hununua wanyama vijijini upande wa kaskazini, huwapakia katika keji ya vyuma nyuma ya pikapu, na kuwaleta sokoni Mwingi akiendesha mwenyewe. Njia yake hukatiza mto wa mchanga, na mchanga ule ulikuwa umechoka kumvumilia: matairi yake membamba yalizama kila wiki, naye alitoka na koleo kuyafukua huku mbuzi wakimtazama. Kaka yake, Aftin, alikuwa amemtumia kutoka Nairobi matairi makubwa zaidi pamoja na rimu pana zake. Deqa alitaka yafungwe, kwa sharti moja: gari lisiinuliwe.

Munyao alizunguka pikapu mara mbili. "Mama, hizi haziingii hivi hivi. Lazima tuinue gari, tuweke springi ndefu."

"Ukiinua, nitaanguka," Deqa alisema. "Mbuzi wakiegemea upande mmoja kwenye ukingo wa mto, gari refu linalala. Mwaka jana nilisaidia mtu kutoa mbuzi wake kwa pikapu iliyolala ubavu. Ilikuwa imeinuliwa vizuri sana."

"Basi rudisha tairi."

"Zimekuja kutoka Nairobi, nizirudishe na punda? Mzee, mbuzi wangu hawataki kukaa ghorofani. Ni hivyo tu."

Kathini alikuwa amechuchumaa kando ya mlango wa basi dogo, akipiga msasa. Alisema bila kuinua sauti, "Zinaweza kuingia bila kuinua."

Ndululu akapiga makofi. "Msikie Fundi wa Sketi! Utaipunguza kiuno?"

"Hapana. Nitaiongezea makwapa."

Deqa alicheka, Munyao hakucheka. Alimtazama Kathini kama anavyotazama injini inayotoa sauti asiyoijua.

"Sawa," alisema. "Siku ya soko ni kesho kutwa. Nitapanda hii gari mimi mwenyewe, twende ng'ambo tupakie mbuzi ishirini, turudi nao. Tairi ikigusa bodi hata mara moja, unachukua mzigo wako unarudi Mbooni kwa cherehani. Isipogusa, kazi zote za bodi hapa ni zako, na Ndululu atakushikia nyundo."

"Mimi?" Ndululu aliuliza.

"Kwani kuna Ndululu mwingine?"

Deqa alimsogelea Kathini. "Abaayo, dada yangu, hii gari ndiyo miguu yangu. Una hakika?"

"Bado. Nikishapima nitakuambia."

Alianza kwa tepu ya kupimia nguo. Aliizungusha kwenye tairi la zamani: sentimita mia mbili na hamsini. Akaizungusha kwenye tairi jipya: mia mbili na sitini na mbili. Akapiga hesabu na kuona kwamba tairi jipya lilizidi lile la zamani, kutoka katikati hadi ukingoni, kwa chini kidogo ya sentimita mbili. Gari lingepanda kwa kiasi hicho tu, unene wa kidole. Ndululu alifunga gurudumu moja la mbele, akashusha jeki, akazungusha usukani kidogo kushoto na kulia. Hakuna kilichogusa.

"Si imeingia?" alisema. "Kazi imeisha, tunywe chai."

"Imeingia ikiwa imesimama," Kathini alijibu. "Sasa iketi."

Alivuka barabara hadi duka la nafaka la Kitonga na kuazima magunia manane ya ndengu, uzito unaokaribiana na mbuzi ishirini. Magunia yalipopakiwa, springi zililala. Kisha akaendesha gurudumu moja la mbele juu ya magogo yaliyopangwa kama ngazi, ili upande ule ubanwe hadi mwisho, kama mtu aliyeinua goti. Akapaka mabega ya tairi chaki ya buluu, ile ya kuchorea kitambaa, na kuzungusha usukani hadi ukagoma upande mmoja, kisha mwingine. Alipoingia chini na tochi, chaki ilikuwa imekwisha kumwandikia majibu. Tairi liligusa mshono wa bati nyuma ya gurudumu, na liligusa raba ya madigadi.

Alirudia jaribio lile na tairi jipya likiwa limefungwa kwenye rimu ya zamani. Safari hii mshono wa nyuma ulisalimika, lakini chaki ilionekana ndani, kwenye mkono wa chuma unaoshikilia ekseli. Rimu ya zamani ilibana ndani. Rimu mpya, kwa sababu husogeza tairi nje, ilibana nyuma.

"Sasa hapo umeshindwa," Ndululu alisema, si kwa ubaya. "Huku inagusa, na kule inagusa."

"Chuma cha ndani ndicho mfupa. Mfupa hauguswi," Kathini alisema. "Bati la nje ni nguo tu. Tunatumia rimu mpya."

Ndululu alileta mashine ya kukatia, tayari kuuondoa mshono. Kathini alimzuia kwa kiganja. Mahali pale bati mbili hukutana, zikaunganishwa na kuacha ukingo uliochomoza upana wa kidole gumba, unaofanana kabisa na upindo wa gauni.

"Ukiukata, bati hizi mbili zitaachana, na maji yataingia ndani. Upindo haukatwi. Unalazwa."

Aliulaza kwa nyundo ndogo na kipande cha mbao, akipiga, akipapasa, akipiga tena, kutoka juu kwenda chini, bila haraka. Ukingo ulipolala bapa, aliuziba kwa gundi ya bodi na kuupaka rangi usishike kutu. Alipunguza raba ya madigadi kwa kufuata mstari wa chaki. Kwenye boliti zinazozuia usukani usipite kiasi alitia washa, pete bapa ya chuma, moja kila upande, ili usukani ugome mapema kidogo. Nyuma, juu ya ekseli, alifunga raba ndefu zaidi, ili springi zikilemewa zisishuke hadi tairi likafika kwenye bodi.

Kesho yake alasiri alipanga magogo tena, akapaka chaki tena, akazungusha usukani tena. Upande wa kulia ulikuwa safi. Upande wa kushoto palikuwa na alama moja, ndogo kama punje ya ndengu.

"Hiyo ni mavumbi," Ndululu alisema.

"Ni ya buluu."

Alifungua gurudumu, akapiga nyundo kwa nusu saa zaidi, akarudia jaribio lote tangu mwanzo. Punje ile haikuonekana tena. Ndipo alipompigia Deqa simu.

"Sasa nina hakika. Lakini kuna mambo mawili. Utahitaji nafasi zaidi kidogo unapogeuza. Na mshale wa mwendo ukikuonyesha themanini, wewe unaenda themanini na nne."

"Polisi wataamini upi?"

"Wataamini mashine yao."

Asubuhi ya soko, Kathini alibandika karatasi ndani ya nafasi za magurudumu yote manne, karatasi nyembamba ambazo mafundi wa nguo huchorea mitindo, akizigandisha kwa uji wa unga. Chaki ingefutwa na mchanga; karatasi ingechanika kwa mguso mmoja. Munyao alitia sahihi kwenye kila karatasi, maana Ndululu alisisitiza kwamba zinaweza kubadilishwa njiani.

Waliondoka watatu: Deqa kwenye usukani, Kathini katikati, Munyao dirishani, sikio lake likiwa nje kama la daktari. Walipofika kwenye mto wa mchanga, Deqa alishuka, akapunguza upepo kwenye matairi, akarudi. Matairi yalitanuka juu ya mchanga kama nyayo za ngamia. Pikapu ilielea. Deqa, aliyezoea kung'ang'ana na usukani mahali pale huku akitaja majina ya Mwenyezi Mungu, alijikuta ng'ambo akiwa bado amefungua mdomo.

"Nimevuka?" aliuliza.

"Umevuka," Munyao alikiri. "Lakini huna mbuzi. Ngoja tupakie."

Walipakia mbuzi ishirini na kurudi. Mchanga ulipitika tena. Baada yake palikuwa na ukingo wa mto, mwinuko wenye mtaro uliochimbwa na mvua, na njia ilipinda papo hapo. Gurudumu la kushoto lilitumbukia, springi ikalala, mbuzi wote wakaegemea upande ule, na Deqa akazungusha usukani hadi mwisho. Kathini alijua kwamba hapa ndipo mikono yote ilipoinuliwa.

*Krrrrr.*

"Simama!" Munyao alipiga bodi kwa kiganja. "Umesikia?"

Kathini alikuwa amesikia. Alishuka baada ya mzee huyo, na mbele ya macho yake aliiona njia yote ya kurudi Mbooni, mteremko kwa mteremko. Munyao alipiga magoti kando ya gurudumu, akatia mkono ndani.

*Krrrrr.*

Gari lilikuwa limesimama. Wote wawili waliinua macho. Juu yao, beberu mweusi alikuwa akijikuna pembe kwenye vyuma vya keji, taratibu, kwa starehe kubwa. Akaacha, akawatazama, akaendelea.

Deqa aliweka paji la uso kwenye usukani na kucheka mpaka honi ikalia. "Mzee! Huyo ndiye wa kupelekwa kwa cherehani!"

Gereji nzima ilikuwa ikingoja. Kitonga alikuwa amefunga duka lake kwa muda ili aone ndengu zake zilifanya kazi gani. Magurudumu yalifunguliwa moja baada ya jingine, na Munyao akaingia na tochi bila kumruhusu mtu mwingine. Karatasi ya kwanza ilikuwa nyekundu kwa vumbi, lakini nzima. Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa imebanduka pembeni. Alikaa nayo muda mrefu, akapitisha kidole nyuma yake, akainusa, asipate harufu ya raba. Unga tu ulikuwa umekauka. Ya nne ilikuwa nzima, na sahihi yake ilisomeka kama alivyoiandika.

Alitoka chini ya gari, akajifuta magoti, akasimama mbele ya Kathini.

"Haikugusa," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Haikugusa mahali popote. Mimi ningeiinua, na ningekosea."

Kitonga alipiga mluzi. Deqa alimkumbatia Kathini hadi grisi ikahamia kwenye buibui, wala hakujali. Ndululu alikuna kichwa, akaenda kwenye ukuta wa vifaa, akarudi na nyundo tatu za ukubwa tofauti.

"Sijui unapenda gani," alisema. "Fundi."

Wiki hiyohiyo Munyao alinunua kopo la rangi nyeupe na kuandika langoni kwa mkono wake mwenyewe: KAZI ZA BODI – FUNDI KATHINI MUTHAMA. Alimwita aje aone. Kathini alilitazama jina lake kwa muda mrefu, mikono nyuma, na waliokuwa karibu wanasema kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza walipoyaona meno yake yote.

Kisha akasema kwamba herufi ya mwisho imeinama, akaomba brashi.