Jina la Nesi Chiyo

Asubuhi ile Bukavu ilikuwa imetulia. Nilikuwa uani natwanga sombe, majani ya muhogo, mimba ya miezi tisa ikinisumbua, jirani akinitania kwamba nitazaa mapacha. Uchungu uliponishika nilikwenda zahanati kwa miguu. Nesi wa zamu alikuwa Mjapani, Chiyo, mwembamba, mwenye Kiswahili cha kuokoteza.

Mchana risasi zikaanza.

Wengine walikimbia. Chiyo alibaki. Alinilaza sakafuni, chini ya dirisha.

"Mama, sukuma. Usisikilize nje."

Mtoto akatoka. Akalia.

Chiyo alimfunga kwa koti lake, akanionyesha mlango wa nyuma. "Tangulia. Namchukua yule mama aliyebaki wodini, nakuja."

Hakuja. Bomu liliangukia wodi.

Binti nilimwita Chiyo, na tangu tufike Toronto jina hilo halijanipa raha. Shuleni, kwa daktari, hata kanisani: "Lakini ninyi si Waafrika?" Karani mmoja aliamua nimekosea kuandika, akamwandika Chioma, jina la Kinigeria. Nilipanda mabasi mawili kutoka Weston, mtaani kwetu, kwenda kumwambia najua jina la mwanangu.

Binti alipofika miaka kumi, mwalimu aliwataka wanafunzi waeleze majina yao.

"Mama, langu maana yake nini?" Aliuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

"Ni jina la aliyekuzalisha."

"Hiyo si maana, Mama!"

Nilimfokea. Kumbe nilijikasirikia mwenyewe. Miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza.

Tulishuka kwa bibi mmoja Mjapani, jirani wa ghorofa ya chini. Aliandika alama mbili: ya kwanza elfu, ya pili kizazi. Jina la kizamani, alisema, wasichana wa siku hizi hawapewi sana. Wazazi walilitoa kumtakia mtoto umri mrefu. Binti alinakili kwa furaha.

"Na huyo nesi alikuwa na miaka mingapi?" bibi akaniuliza.

"Hakufika thelathini."

Akaweka kalamu chini. Nilimwomba anisaidie kuwaandikia wazazi wa nesi. Akauliza jina la ukoo.

Sikulijua. Zahanati iliungua na madaftari yake, na mimi nilikuwa naye kwa muda wa saa sita tu. Huko Japani kuna mama aliyeambiwa mwanawe amekufa vitani. Kwamba kabla ya hapo alizalisha mtoto, na mtoto yu hai, sina njia ya kumwambia.